Kutoka Uwanja wa Moi hadi Diani: gari la hoteli, gari la kuagiza mwenyewe, teksi ya mtandaoni au matatu?

Ukitua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, hoteli yako ya Diani iko kilomita 40 hivi kutoka hapo, lakini katikati kuna bahari. Hilo ndilo linaloitofautisha safari hii na ya kwenda Nyali, Bamburi au Shanzu, ambako gari lolote litapita daraja la Nyali na kinachobaki ni kupatana bei. Kwa Diani, gari lile lile na dereva yule yule wanaweza kukufikisha kwa muda wa saa moja leo, na kesho wakachukua saa tatu.

Ndiyo maana ulinganisho wa bei peke yake huwapotosha watu. Noah ya hoteli na Noah ya dereva wa kujitegemea ni Noah zote mbili, na barabara ni hiyo hiyo. Unachonunua hasa ni jibu la swali hili: mambo yakichelewa, nani anasubiri, na kwa pesa ya nani? Ndege ikikawia Nairobi, sanduku likikosekana, foleni ya feri ikirefuka, lazima mtu aubebe mzigo huo. Katika baadhi ya mipango anaubeba dereva, katika mingine unaubeba wewe.

Vigezo tunavyotumia

Kila njia tumeipima kwa mambo matano. Bei kamili, yaani pamoja na maegesho ya uwanjani, ada ya feri kama ipo, na nyongeza ya usiku. Kusubiri, yaani kinachotokea ndege ikichelewa. Nafasi ya watu, masanduku na watoto. Usalama, hasa leseni na bima ya gari linalobeba abiria wa kulipa. Na safari ya kurudi, ambayo wengi huisahau hadi usiku wa mwisho hotelini, ilhali kuchelewa kurudi ndiko kunakogharimu tiketi nzima ya ndege.

Kabla ya gari, chagua njia

Njia ya zamani inaingia kisiwani Mombasa kupitia Changamwe na Makupa, inakata mji hadi Likoni, inavuka kwa feri, kisha inashika barabara ya Lunga Lunga kupitia Waa na Tiwi hadi Ukunda. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Muda unaliwa na foleni ya kuingia. Asubuhi umati wa watu na magari hutoka Likoni kwenda kisiwani kazini, na jioni umati huo huo hurudi. Sasa mwangalie mgeni: akitua saa 11 jioni, anaelekea kusini pamoja na wanaorudi nyumbani. Siku ya kuondoka, akitoka Diani alfajiri kuwahi ndege ya asubuhi, anaelekea kaskazini pamoja na wanaokwenda kazini. Safari zote mbili ameangukia upande wenye msongamano. Feri moja ikitolewa kwa matengenezo, zinazobaki hazitoshi na mstari wa magari unarudi nyuma hadi mjini.

Njia ya pili ni barabara ya Dongo Kundu. Inaanzia upande wa Miritini, inavuka hori kwa madaraja ya Mwache na Mteza, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Haiingii kisiwani na haihitaji feri. Umbali wa jumla unakaribiana na ule wa njia ya feri, lakini muda wake unatabirika: kama saa moja kutoka uwanjani hadi hoteli nyingi za Diani, iwe mchana au usiku. Kasoro zake ni mbili. Upande wa Changamwe na Miritini utakutana na malori ya bandari, na hayo yanaweza kukupotezea nusu saa. Pili, sehemu ndefu ya barabara hii ni tupu, hakuna maduka wala kituo cha mafuta, hivyo gari liwe na mafuta na gurudumu la akiba kabla ya kuondoka, hasa usiku.

Ushauri wetu hapa ni mmoja kwa njia zote za gari binafsi: taja Dongo Kundu kwa maandishi unapoagiza. Usidhani ni jambo linaloeleweka. Wapo madereva wanaopita Likoni kwa mazoea, na ramani za simu huweza kuchagua feri kwa kuangalia umbali tu. Ukisema "nipeleke Diani", umemwachia dereva achague, na gharama ya chaguo lake ni muda wako.

1. Gari linalopangwa na hoteli

*Bei.* Mara nyingi ndiyo ya juu kuliko zote, kwa kuwa hoteli nyingi hazina magari yao. Huagiza kwa kampuni ya watalii na kuongeza chochote juu. Hulipwa kwa kuongezwa kwenye bili ya chumba, wakati mwingine kwa dola. Uliza kama bei ni ya gari zima au ya kila mtu. Swali hilo dogo linaweza kubadili hesabu ya familia ya watu watano mara tano.

*Kusubiri.* Hapa ndipo pesa ya ziada inapofanya kazi. Ukiipa hoteli namba ya ndege, dereva hufuatilia muda wa kutua, na ndege ikikawia, kumjulisha ni kazi ya hoteli. Ikitokea hamkuonana, unapiga simu mapokezi, na huko kuna mtu usiku kucha.

*Nafasi.* Omba kujua aina ya gari. Hoteli kubwa hutuma Noah au HiAce, na kiti cha mtoto kinaweza kupatikana kikiombwa mapema.

*Usalama.* Kwa kawaida magari haya yana leseni ya kubeba abiria na bima inayolingana nayo, kwa kuwa jina la hoteli liko hatarini.

*Kurudi.* Rahisi kuliko zote. Unaagiza mapokezi siku moja kabla, na wao wanajua ni saa ngapi mtu anapaswa kuondoka.

*Panapoharibika.* Tatizo kubwa ni neno "usafiri umejumuishwa" kwenye paketi ya likizo. Mara nyingi maana yake ni basi la pamoja. Utasubiri abiria wa ndege nyingine, halafu basi litapita hoteli moja baada ya nyingine kwenye barabara ya ufukweni, na kama yako iko Galu au Kinondo, utakuwa wa mwisho kushuka. Soma vocha: je, imeandikwa gari binafsi au la pamoja? Tatizo la pili ni barua pepe iliyotumwa kwa ofisi ya uhifadhi na isifike mapokezi. Saa 24 kabla ya kusafiri, piga simu mapokezi moja kwa moja, uliza jina la dereva na namba ya gari. Wakishindwa kukupa, gari bado halijapangwa.

*Inamfaa* mgeni wa mara ya kwanza, anayetua usiku wa manane, mwenye watoto wadogo, na mzee asiyepaswa kuhangaika na simu uwanjani.

2. Gari unaloagiza mwenyewe kwa kampuni au dereva

*Bei.* Gari dogo huanzia shilingi 4,000 hivi za Kenya na kupanda kufikia 7,000 au zaidi kwa Noah, HiAce au safari ya usiku. Msimu wa Krismasi na wa Pasaka bei hupanda, na madereva wazuri huwa wameshachukuliwa wiki kadhaa kabla. Ukiwa kwenye kundi la watu wanne au watano, hesabu ikigawanywa kwa kichwa hii huwa nafuu kuliko wengi wanavyotarajia.

*Kusubiri.* Inategemea mlivyoandikiana. Kampuni nyingi hukubali kusubiri dakika 60 baada ya ndege kutua bila nyongeza. Kwa ndege ya ndani kutoka Nairobi hiyo inatosha sana, kwa sababu nusu saa baada ya kutua huwa umeshatoka. Kwa ndege ya kimataifa haitoshi kila mara. Foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu na masanduku yakikawia, saa moja inaisha ukiwa bado ndani. Patana dakika 90, na mpatane pia nyongeza itakuwa kiasi gani ikizidi hapo. Lililo muhimu kuliko yote: muda uhesabiwe tangu ndege ilipotua kweli, usihesabiwe tangu saa iliyoandikwa kwenye tiketi.

*Nafasi.* Hii ndiyo njia inayokupa uhuru wa kuchagua gari. Fielder au Axio hubeba watu watatu na masanduku mawili makubwa, na la tatu litaingia kiti cha nyuma pembeni mwa mtu. Noah huandikwa kuwa ni ya watu saba, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: viti vya nyuma vikikaliwa, buti haipo tena. Ihesabu kuwa ni gari la watu wanne au watano wenye masanduku yao. Mkiwa sita na mizigo kamili, agizeni HiAce. Wanaokuja Galu kuteleza baharini kwa ubao unaovutwa na upepo, wakati wa kaskazi au wa kusi, waseme urefu wa mfuko wa ubao kwa sentimita. Mfuko wa sentimita 150 hauingii kwenye buti ya gari dogo bila kulaza viti.

*Usalama.* Kwa sheria za Kenya, gari la kubeba abiria kwa malipo linahitaji leseni na bima ya PSV. Gari la matumizi binafsi likichukua abiria wa kulipa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa fidia ajali ikitokea. Omba picha ya cheti cha bima na namba ya gari. Dereva anayefanya kazi hii kihalali hachukizwi na ombi hilo. Anayezungushazungusha, mwache.

*Kurudi.* Dereva huyo huyo mara nyingi hupunguza bei mkipatana kwenda na kurudi. Ila usilipe zote mbili mwanzoni. Lipa ya kwanza ukifika, ya pili ukifikishwa uwanjani.

*Panapoharibika.* Dereva mmoja ni mtu mmoja. Akiugua, gari likiharibika, au akipata kazi ya safari ya Tsavo ya siku tatu, yako inaweza kupewa rafiki yake usiyemjua, mwenye gari dogo zaidi. Uliza mapema: "Ukishindwa, nani atakuja?" Kampuni yenye magari matatu inalo jibu. Kingine ni rubuni, yaani malipo ya kutanguliza. Theluthi moja inatosha. Ukituma kwa M-Pesa, angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likitofautiana na jina la uliyezungumza naye, simama hapo hadi upate maelezo.

*Inamfaa* familia, marafiki wanaogawana gharama, anayerudi nyumbani kutoka Uarabuni na masanduku mengi, na yeyote anayetaka kusimama njiani, kwa mfano kununua laini ya simu, maji na matunda kabla ya kuingia hoteli ambako kila kitu ni ghali.

3. Teksi ya mtandaoni au ya uwanjani

*Bei.* Kwa siku ya kawaida mchana, Uber au Bolt huonyesha bei ya chini kuliko gari la kuagiza. Lakini bei ile ni ya kupanda na kushuka kadiri ya mahitaji, na ndege mbili zikitua pamoja inaruka. Teksi za uwanjani hupatana ana kwa ana. Bei ya kwanza unayotajiwa ni mwanzo wa mazungumzo tu.

*Kusubiri.* Hakuna wa kukusubiri, na huo ndio uzuri na ubaya wake. Ndege ikichelewa saa nne hupotezi chochote, kwa kuwa hukuagiza chochote. Ila ukitoka nje saa 8 usiku, unategemea aliyebaki barabarani saa hiyo.

*Nafasi.* Magari ya daraja la bei nafuu ni madogo. Buti ya Alto au Vitz hubeba sanduku moja kubwa na begi. Chagua daraja la juu zaidi kama una masanduku mawili, na usitegemee kiti cha mtoto.

*Usalama.* Programu huonyesha namba ya gari na sura ya dereva, na unaweza kumtumia mtu wa nyumbani safari yako aione. Faida hiyo inakwisha dakika ile dereva anapokuomba mfute safari kwenye simu na mpatane nje ya programu. Ombi hilo ni la kawaida sana kwa safari za Diani. Sababu yake ni ya kweli: dereva anajua atarudi Mombasa bila abiria, na bei ya programu haihesabu kurudi mtupu. Kwa sababu hiyo hiyo wengine hukubali safari, wakiona umeandika Diani wanaifuta. Ukifutiwa mara mbili au tatu, usikasirike na dereva. Ama ongeza bei kwa makubaliano ya wazi ukibaki ndani ya programu, ama chukua teksi ya uwanjani yenye kituo kinachojulikana.

*Kurudi.* Hapa ndipo njia hii ni dhaifu. Mchana magari yapo Diani na Ukunda. Saa 10 alfajiri ni bahati nasibu, na ndege ya kimataifa haichezewi bahati nasibu. Hata kama ulikuja kwa teksi ya mtandaoni, kwa kurudi panga gari la uhakika jana yake.

*Panapoharibika.* Simu. Programu inataka intaneti, na laini ya nje haifanyi kazi hadi uwe umelipia huduma ya ng'ambo au umenunua laini ya hapa. Betri ikiwa asilimia 6 baada ya safari ndefu, mpango mzima umeisha. Kuwe na shilingi taslimu mfukoni kwa teksi ya uwanjani.

*Inamfaa* msafiri mmoja au wawili wenye mizigo myepesi, wanaotua kati ya asubuhi na saa 12 jioni na wenye laini ya Kenya inayofanya kazi.

4. Matatu, miguu na tuktuk

*Bei.* Nafuu kupita kiasi ukilinganisha na nyingine: kwa kawaida shilingi 800 kwa mtu hazivuki, tuktuk za mwanzo na mwisho zikiwemo. Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu.

*Safari yenyewe.* Tuktuk au bodaboda kutoka uwanjani hadi Magongo au Changamwe, matatu hadi Feri, kuvuka kwa miguu, matatu nyingine Likoni hadi Ukunda, kisha tuktuk hadi mlango wa hoteli. Kubadilisha mara nne. Mwenye kufahamu mji hutumia saa mbili hivi, na saa za msongamano huenda akampita mwenye gari anayengoja kuvuka, kwa kuwa mtu wa miguu hakai foleni ya magari.

*Kusubiri.* Matatu haiondoki hadi ijae. Usiku sana hupungua.

*Nafasi.* Begi la mgongoni, sawa. Sanduku la magurudumu ni adha: njia ya kushukia feri ni mteremko uliojaa watu, na ndani ya matatu makanga anaweza kukulipisha kiti cha sanduku. Ana haki, limekalia nafasi ya mtu.

*Usalama.* Wakati wa kubanana kuingia feri ndio wakati wa wezi wa mfukoni. Simu na pasipoti zikae mbele ya mwili, chini ya nguo. Tuktuk ya mwisho mpatane kabla ya kupanda, na utaje hoteli pamoja na upande: barabara ya ufukweni inagawanyika kaskazini na kusini pale unapotokea kutoka Ukunda, na Galu ni kusini kabisa.

*Kurudi.* Kwa ndege ya mchana ya kwenda Nairobi, inawezekana ukiongeza saa moja na nusu ya akiba. Kwa ndege ya kimataifa ya asubuhi, usijaribu.

*Inamfaa* mwenye begi moja, muda mwingi, Kiswahili cha kupatana na makanga, na mchana mbele yake. Pia anayetaka kuiona pwani inavyoishi, maana mgeni hakai karibu na watu wa Mombasa kuliko anavyokaa nao pale juu ya feri.

Na kutua Ukunda je?

Diani ina uwanja wake mdogo wa ndege, Ukunda, wenye ndege kutoka Nairobi. Jambojet huruka kutoka Jomo Kenyatta, Safarilink kutoka Wilson. Kutoka hapo hadi hoteli ni mwendo wa tuktuk, na habari ya feri haipo kabisa. Hesabu yake ni hii: tofauti ya tiketi huzidishwa kwa idadi ya watu, ila gari la kutoka Mombasa hulipwa mara moja tu. Msafiri mmoja huweza kuona Ukunda inalipa. Familia ya watano kwa kawaida haiioni. Angalia pia uzito wa mizigo, kwa sababu ndege ndogo mara nyingi huruhusu mizigo michache, tena katika begi laini.

Na kabla ya kuagiza gari lolote, soma tena tiketi. MBA ni Mombasa, UKA ni Ukunda. Watu huagiza gari la kuwapokea Mombasa ilhali ndege yao inatua Diani, dakika kumi kutoka hotelini.

Wanaokuja kwa treni ya SGR wanashuka Miritini, pale pale inapoanzia barabara ya Dongo Kundu. Yote tuliyoyasema juu ya magari yanawahusu, tena safari yao ni rahisi kidogo.

Ujumbe wa kuagiza, na mtego wa saa

Kosa linaloharibu safari nyingi kuliko pancha ni saa. Msafiri anaandika "nichukue saa 8". Kwa dereva wa Mombasa, hiyo ni saa 8 mchana, yaani 14:00. Kwa mgeni anayetafsiri kichwani, ilikuwa 08:00, yaani saa 2 asubuhi. Andika kila mara kwa tarakimu nne za tiketi, halafu ongeza maneno ya Kiswahili. Kosa la pili ni usiku wa manane: ndege inayotua 00:40 tarehe 15 inahitaji dereva aondoke nyumbani usiku wa tarehe 14. Akisoma "tarehe 15" peke yake, atakuja usiku unaofuata.

Ujumbe unaotosha ni huu:

"Ndege KQ (namba), inatua Uwanja wa Moi 00:40, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Agosti. Watu wazima 3, mtoto 1 wa miaka 3, masanduku makubwa 4. Tunahitaji Noah na kiti cha mtoto. Hoteli (jina), upande wa Galu. Njia: Dongo Kundu. Bei (kiasi) kwa gari zima, pamoja na maegesho na kusubiri dakika 90 tangu kutua. Tutumie jina la dereva, simu na namba ya gari."

Ukijibiwa "sawa" tu, bado hujaagiza. Ngoja jina na namba. Ukitoka nje ya jengo, usimfuate mtu anayekuita kwa jina la hoteli. Muulize yeye akutajie jina lako.

Kwa kurudi, hesabu kinyumenyume. Ndege ya kimataifa ikiruka 10:00, uwe uwanjani 07:00, yaani saa 1 asubuhi. Kwa Dongo Kundu, ondoka Diani 05:30. Hiyo inakuachia nusu saa ya malori ya Changamwe. Kwa feri, ondoka 04:00, uwe umevuka kabla umati wa asubuhi haujajaa. Omba hoteli ikufungashie kifungua kinywa usiku uliotangulia.

Kwa hali yako

Unatua baada ya saa 3 usiku: gari la hoteli, au kampuni iliyokutumia jina la dereva na namba ya gari. Teksi ya mtandaoni iwe mpango wa akiba.

Mna watoto wa chini ya miaka 5: gari la kuagiza lenye kiti cha mtoto kilichothibitishwa kwa picha. Hoteli ni sawa pia, ikikubali kwa maandishi.

Mko wawili, mizigo mepesi, mnatua mchana: teksi ya mtandaoni kwa kwenda, gari la kupangwa kwa kurudi.

Mko sita au zaidi: HiAce moja ya kuagiza. Magari madogo mawili huachana njiani, na moja litapita feri.

Uko peke yako na bajeti ni ya kubana: matatu, ukitua kabla ya saa 8 mchana. Ukitua jioni, tafuta wasafiri wengine wawili wa Diani pale pale uwanjani mgawane teksi.

Unasafiri na mzee au mtu asiyeweza kupanda ngazi ndefu: usiagize HiAce, kidato chake kiko juu. Fielder au Noah ni rahisi kuingia. Kama kuna kiti cha magurudumu, taja kama kinakunjika, na mwombe dereva aje hadi mlango wa wanaowasili badala ya kukungoja kwenye maegesho.

Paketi yako tayari ina usafiri wa pamoja na umechoka kwa safari ya usiku kucha: piga simu hotelini uulize nyongeza ya kuwa na gari lenu wenyewe. Mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya kuagiza gari jipya, na inakuepusha kupitishwa kila hoteli ya barabara ya ufukweni kabla ya kufika kwako.